Kifungo cha Pili cha Shati

Watu themanini walibanana kwenye korido ya usaili wa filamu, kila mmoja akifanya mazoezi ya karatasi yake, mmoja akilia, mwingine akiubembeleza ukuta. Katikati yao alipita msichana mwenye gauni la samawati, penseli kwenye nywele, akimpiga kila mtu picha.

"Jina la ukoo?" alimuuliza kijana mrefu wa shati jeupe.

Kijana alilitaja. Vichwa vyote vikageuka. Baba yake alikuwa ameigiza filamu kwa miaka arobaini. Mama yake aliimba nyimbo ambazo hata mlinzi wa getini alizijua.

"Na wewe umepanga foleni?"

"Kwani kuna mlango wa watoto wa wakubwa?"

"Upo. Huo nyuma yako."

"Nionyeshe wewe unapopita, nikufuate."

"Mimi wa daftari tu, kaka. Ukinifuata utaishia kupima maji kwenye glasi."

Hakutania. Filamu hupigwa vipande vipande, leo mwisho, kesho mwanzo, na yeye ndiye aliyeandika maji yalibaki kiasi gani kwenye glasi na mkono wa shati ulikunjwa mara ngapi, ili vipande vioane. Kazini walimwita Daftari. Kijana alipata nafasi, na magazeti yakamwita Mrithi, jina lililombana kama kiatu cha kuazima.

Walipendana kazini, kati ya kipande na kipande, na kwenye simu.

"Laazizi, umelala?"

"Saa moja jioni? Mimi kuku?"

"Basi njoo tule."

"Uje wewe. Na usivae miwani ya giza, utajikwaa kwenye ngazi zetu kama juzi."

Zikapita filamu tatu. Mchana mmoja, kwenye mgahawa wa studio, Daftari alifika na blauzi ya njano na barua mkononi. Alikuwa amepata kazi ya tamthilia katika mji mwingine, mwaka mzima.

"Jibu wanalitaka mwisho wa mwezi," alisema. "Kabla sijawajibu, niambie. Unanipenda?"

Mkono wa kulia wa Mrithi ulipanda ukashika kifungo cha pili cha shati.

"Nakupenda."

Daftari akaweka kijiko chini. "Umegusa kifungo."

"Kifungo gani?"

"Hicho. Filamu tatu nimekiandika. Kila unapoanza kuigiza, unakigusa kwanza."

Mrithi aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

"Wewe ni mwigizaji. Kwenu mtoto anazaliwa anajua kamera iko wapi."

"Nenda basi," alisema Mrithi. "Nenda kapime glasi zako."

Daftari akaikubali kazi. Wiki tatu hakuna aliyempigia mwenzake. Kiburi walikuwa nacho wote wawili, na cha kutosha. Mrithi alianza filamu ya nne akiwa na mkono mfukoni, na mwongozaji akamwambia mbele ya watu kwamba amekauka kama ubao. Baba yake alitazama kipande kimoja, akazima. "Huyu si mwanangu," alisema. "Huyu ni mtu anayejizuia."

Siku mbili kabla ya safari, Daftari akiwa anakunja nguo, simu yake iliita.

"Mwanangu, ni mama yake. Usikate."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeambiwa habari ya kifungo. Baba yake alipokuja kuniposa alikishika hivyo hivyo, mbele ya baba yangu, akakivuta mpaka kikadondoka kwenye chai. Unafikiri alikuwa anaigiza?"

"Sijui, mama."

"Alikuwa anaogopa! Mpaka leo, mzee mzima, kamera ikiwashwa anakishika. Mwanawe karithi woga huo, wala hajui. Mwanangu, wewe umeuona woga ukauandika uongo."

Daftari alikaa kitandani juu ya nguo zilizokunjwa. Kisha akatoa picha za usaili, akazipekua mpaka akaifikia ya kijana wa shati jeupe. Hapakuwa na kamera ya filamu siku ile, wala maneno ya kuigiza. Kijana alikuwa anasubiri kutaja jina la baba yake, na mkono ulikuwa kwenye kifungo cha pili. Picha aliipiga mwenyewe.

Kesho yake alikwenda studio. Mrithi alikuwa amekaa kwenye sanduku la taa, mkono mfukoni.

"Nilikosea kuandika habari ya kifungo," alisema Daftari. "Sijawahi kukosea."

"Hata glasi?"

"Hata glasi. Nisamehe."

Mrithi alisimama. "Safari iko palepale?"

"Iko palepale. Nimeshatoa neno."

"Sikuzuii. Ila nataka uende ukiwa..." Mkono ulitoka mfukoni, ukaanza kupanda, akauwahi akaushusha. Akajaribu tena, akaushusha tena.

"Uache," alisema Daftari. "Uache upande."

Mkono ukapanda. Vidole vikakishika kifungo.

"...ukiwa mchumba wangu. Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo. Na usiushushe, bado sijaandika."

Akachomoa penseli kwenye nywele, akafungua ukurasa mpya: Saa kumi na dakika tano. Shati la kijivu. Mkono wa kulia, kifungo cha pili. Kweli.