Alama ya Chaki ya Orry Cregeen

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo mno. Gurudumu la mbele lilisimama na chaki ikiwa juu.

Orry Cregeen, fundi pikipiki wa kijiji chetu cha Ballasalla, alikuwa amelitundika gurudumu hilo kwenye stendi ya kusawazishia, akalisukuma kwa kidole na kuliacha lisimame lenyewe. Upande mzito hushuka chini, hilo halihitaji shule. Akaupiga chaki upande ulioshuka, akazungusha tena ili ahakikishe. Chaki ikasimama juu. Akazungusha mara ya tatu. Juu.

"Mpumbavu wewe," akaliambia gurudumu.

Ndivyo alivyokuwa. Kudharau watu ilikuwa kazi yake ya pili, na sina hakika kama haikuwa ya kwanza. Aliwadharau wateja wanaopima upepo wa tairi kwa kulipiga teke. Zaidi ya wote aliwadharau mafundi wa mjini Douglas wanaobadilisha vitu vitano kwa mpigo, pikipiki ikapona, wasijue kilichoiponya. "Badilisha kimoja, kajaribu. Badilisha kingine, kajaribu," alikuwa akisema, spana hewani kama mchungaji aliyeinua Biblia. Nilikaa benchi la nyuma yake kanisani miaka thelathini. Nakiri mbele ya Mungu kwamba nami nilimdharau, kwa kuwa alisinzia kwenye mahubiri, na kudharau kwangu nilikuita uchaji.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Breesha, binti yake wa pekee, msambaza barua. Jumamosi alikuwa anaingia kwenye mashindano ya pikipiki ya Agosti, kwenye barabara zetu hizi hizi zenye kuta za mawe huku na huku. Na pikipiki ilikuwa na ugonjwa. Ikifika maili themanini na tano kwa saa, usukani ulianza kutetemeka. Ikifika tisini, ilitikisa kichwa. Hivyo ndivyo mafundi wanavyosema, kwa sababu usukani unapigwa kushoto na kulia kama mtu anayekataa kitu. Kwenye mnyoosho wa Sulby, barabara isiyo na kona, watu hupita kwa maili mia na arobaini. Pikipiki ikitikisa kichwa pale, mwendeshaji huokotwa ukutani.

"Baba, umepata?" Breesha aliuliza.

"Bado."

"Leo Jumatano."

"Kalenda naijua."

"Nitashindana hata usipopata. Miaka minne nimeisubiri nafasi hii."

"Mkaidi kama mama yako!"

"Mama alikuwa mpole, baba. Ukaidi huu nimeutoa kwako."

Usiku ule Orry hakula. Alikuwa ameshapima upepo wa tairi, beringi za shingo ya usukani, beringi za magurudumu, mkono unaoshika gurudumu la nyuma, shokapu, mstari wa cheni. Kimoja kimoja, na kila kimoja alikijaribu barabarani. Vyote vizima. Akabandika kipande cha risasi cha gramu kumi kwenye rimu ili kulisawazisha gurudumu, upande mzito ukahamia kwingine. Akaongeza gramu kumi pale, ukahama tena, kama mtu anayesogea kwenye kiti ili mwenzake asikae.

Alhamisi mchana aliipeleka kwenye uwanja wa zamani wa ndege kule Jurby. Ukungu ulikuwa umeshuka. Alifika themanini, usukani umetulia, akasikia harufu ya maziwa yaliyochacha na matope ya kijito, akadhani ni mashamba, akaongeza mafuta hadi themanini na tano, mtetemo ukaanza viganjani, naye akausikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, akisema moyoni ukiwa mikononi ni gurudumu la mbele, ukiwa kitini ni la nyuma, na alipokuwa bado anahesabu hivyo akahisi kiti cha nyuma yake kikididimia kwa uzito mdogo, uzito wa mtoto wa miaka mitatu, kisha wa pili ukapanda juu ya huo, kisha wa tatu, na kabla hajageuza shingo vikapita chini ya kwapa zake vidole vyembamba vya baridi vikaingia ndani ya glavu, vikashika usukani chini ya vidole vyake, vikaanza kuupeleka kushoto na kulia, kushoto na kulia, huku mtu akimchekea kwenye kofia ya chuma, ndani, karibu na sikio.

Aliirudisha kwa kuisukuma, maili ishirini na ushee. Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa.

Breesha alikigusa kile kiti. Alikwenda kumwita Voirrey Kinvig, dereva wa basi la Castletown, ambaye mama yake alijulikana kwa kuwatoa watu kwenye mambo ya namna hii. Voirrey aliingia karakanani na sare yake, akainama, akanusa kiti.

"Uliwafanya nini?"

"Nani?" akasema Orry.

"Usijifanye mgeni. Wenyewe."

Hapa kwetu hatuwataji majini kwa jina. Tunasema Wenyewe. Kuna daraja dogo kati ya Santon na hapa, na ukilipita unawasalimu, uwe unatembea, uwe kwenye basi, uwe umechelewa mazishini.

"Ijumaa iliyopita ulinipita darajani," Voirrey aliendelea. "Basi langu zima linasalimu, hata yule Mjerumani na kamera yake. Wewe ukainua vidole viwili."

"Baba!" Breesha alishika kinywa. Vidole viwili kwetu ni tusi.

"Nilikuinulia wewe, mama. Unaendesha kama konokono mjamzito."

"Mimi nilikuwa nyuma yako, Orry. Wewe uligeukia kijitoni." Akajifuta mikono kana kwamba amegusa samaki aliyeoza. "Umepima kila kitu kwenye pikipiki hii. Mdomo wako hujaupima."

"Mimi ni Mmethodisti. Sisalimii matope."

Nami ningesema hivyo hivyo, na ningejiona nimemtetea Bwana.

"Baba," Breesha alisema polepole, "chochote ulichokiona Jurby, Jumamosi nitakuwa nacho Sulby. Utanisikilizia redioni?"

Orry akatazama chini. "Wanataka nini?"

"Uende darajani kwa miguu ukiisukuma," Voirrey akasema. "Kofia mkononi. Uwasalimu kwa moyo. Na kabla ya hapo usiguse kitu kingine kwenye pikipiki, unanisikia? Kitu kimoja tu. Wewe ndiye unayetufundisha hivyo."

Ijumaa alfajiri, kabla Breesha hajaamka, Orry alivua tairi la mbele akafunga jipya. Tairi la zamani halikuwa na kosa. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote kisiwani. Alilibadilisha ili pikipiki ikipona asiwe na deni la shukrani kwa mtu wa kijitoni. Fundi aliyewatukana wenzake miaka arobaini kwa kubadilisha vitu viwili kwa mpigo, alibadilisha viwili kwa mpigo.

Darajani ukungu ulikuwa magotini. Akavua kofia.

"Habari zenu, Wenyewe," akasema, meno yamefungwa.

"Hamjambo, wakubwa zetu," Breesha akasema kando yake, kwa adabu. "Tusameheni."

Breesha aliniambia kwamba maji ya kijito yalinyamaza, kama watu wanaposikiliza. Kisha chini ya daraja kitu kikagongwa mara moja, ting, kama spoku ya gurudumu.

Mchana gurudumu lilisimama na chaki ikiwa chini. Jurby, maili mia na ishirini, usukani ulitulia kama meza. Jumamosi Breesha alimaliza wa kumi na tisa, mzima, anacheka, uso umejaa wadudu, na baba yake akalia mbele za watu.

Laiti angeishia hapo.

Jumapili tulikunywa chai ukumbini baada ya ibada. Orry alikuwa na kipande cha bonagi, mkate wetu wa kienyeji, mkononi, siagi inamtiririka kidoleni.

"Tairi," aliwaambia watu. "Lilikuwa tairi tu! Nimelibadilisha Ijumaa alfajiri. Ati Wenyewe! Mtu mzima nimewavulia kofia vyura!"

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Voirrey aliweka kikombe chini, akatoka nje bila koti.

Ibada ya jioni nilikaa nyuma yake kama kawaida. Shingoni, chini ya nywele, alikuwa na mstari mfupi mweupe wa chaki. Nikadhani ni mkono wake mwenyewe, nikainama kumfuta kwa kidole gumba. Haukufutika. Tulipoimba ubeti wa pili kichwa chake kikaanza, kidogo, mtetemo wa themanini na tano. Kwenye ubeti wa nne kilikuwa kinakwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, na benchi zima likitetemeka naye.

Hospitali walimpima kila kitu. Vyote vizima.

Mwezi Oktoba Breesha alimpandisha basi la Voirrey, nami nilikuwamo nikirudi sokoni. Voirrey alisimamisha basi juu ya daraja, jambo lisiloruhusiwa. Abiria wakasalimu. Orry akavua kofia. Machozi yalikuwa yanamtoka, na safari hii moyo wake ulikuwemo, naapa.

"Hamjambo," akasema. "Nisameheni."

Na kichwa kikasema hapana, hapana, hapana.

"Mdomo umesema vizuri," Breesha akanong'ona. "Voirrey, umesikia? Amesema vizuri."

"Nimesikia." Voirrey alikuwa anatazama kijitoni. "Lakini wao wanaangalia kichwa."

Akaondoa basi.

Mimi sikusalimu. Nilifunga mdomo, nikajiambia mtu wa Mungu hawaamkii majini, na moyoni nikamcheka Orry, mzee wa watu, anavyokataa huku akiomba. Hiyo ndiyo dhambi ninayoiandika hapa.

Jioni ile mke wangu alinipokea koti mlangoni.

"Umeegemea wapi wewe? Una chaki."

"Pangusa tu kola," nikamwambia.

"Si kwenye kola." Akalowesha kidole kwa mate, akanisugua shingoni, akasugua tena. "Haitoki."