Nyumba Ambayo Dalali Hakuionyesha

Saa ya chakula cha mchana mgahawa ulikuwa umefurika, wahudumu wanapishana kwa mabega, na kiti kimoja tu kilichobaki kilitazamana na mwanamke aliyevaa gauni la manjano, simu sikioni, uma mkononi.

"Nyumba haina kasoro hata moja, mzee wangu! Jua la asubuhi, upepo wa jioni, majirani hata chafya hawapigi!"

Mwanamume mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi akaashiria kile kiti. Mwanamke akamruhusu kwa nyusi na kuendelea kumwaga sifa. Alipokata simu, akamkuta yule bwana anamkodolea macho mdomoni.

"Kuna nini, kaka? Nimejipaka mchuzi?"

"Hapana. Unatafunia upande mmoja. Jino la nyuma, kushoto. Na halikuanza jana."

"We mganga?"

"Daktari wa meno. Na wewe dalali. Hiyo nyumba isiyo na kasoro naomba niione kabla sijafa, maana sijawahi kuona."

Dalali alicheka mpaka jino likamkumbusha lilipo. Ndivyo walivyofahamiana, na tangu hapo wakawa wanaitana hivyohivyo, Daktari na Dalali.

Kumbe kweli Daktari alikuwa anatafuta nyumba. Mama yake alifundisha wanafunzi kuchora mpaka alipostaafu, na sasa miguu ilikuwa imemgomea. Alikaa ghorofa ya nne kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa, hakuna aliyekumbuka tangu lini.

"Anataka mtaa wa watu wenye nazo," Daktari alisema akitabasamu. "Si kwa kuringa. Anataka akisukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu afike mahali pa kula, afike mahali pa kutazama picha, afike kwenye miti, bila kubebwa na mtu wala kupakiwa kwenye gari. Anasema ukuta ameshautazama vya kutosha."

"Ana haraka?"

Daktari alizungusha kijiko kwenye chai iliyokwisha korogwa zamani. "Hana haraka. Tafuta taratibu."

Sasa, madalali wana mtindo wao. Mteja huanzishiwa nyumba mbovu, hupandishwa kidogo kidogo, na ile nzuri huwekwa mwisho ili akiiona moyo umruke. Nyumba ya kumfaa mama, Dalali alikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Ilikuwa ya chini, kibaraza chake kinatazamana na geti la bustani, jumba la sanaa lipo hatua chache upande wa kulia, na kwenye kona kuna migahawa iliyotandaza viti vyake nje chini ya miamvuli. Mwenye nyumba alikuwa safarini na ufunguo alimwachia yeye. Aliutia mkobani, akaanza na nyumba mbovu kama kawaida.

"Mama yangu atapandaje ngazi hizi, Dalali? Kwa mabawa?"

"Nilitaka uone mandhari."

"Mandhari ya paa la jirani?"

Wakacheka, wakanywa juisi kwenye kona, wakaagana. Kesho yake wakaona nyingine. Wiki iliyofuata dalali akaanza kuvaa viatu vya kisigino, na nani huvaa visigino kwenda kukagua vyoo vya watu? Daktari naye akaanza kujipulizia manukato. Jino lile alimng'oa mwenyewe, akimbembeleza kama mtoto, na tangu siku hiyo simu zikawa hazina mpaka.

"Umefika, mpenzi?"

"Ndiyo kwanza tumeachana, Daktari! Hata kona sijakata."

"Nauliza tu. Kesho tunaona nyumba gani?"

"Yenye jiko zuri."

Hiyo yenye jiko zuri ilimfaa mama kwa karibu kila kitu, ila Daktari aliikataa.

"Jiko limekaa vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Sijui. Vibaya tu."

Dalali hakubisha. Alifurahi, na ndani ya ile furaha kulikuwa na aibu aliyoikalia. Alizijua tabia za wateja. Mteja akishapata nyumba, anakushika mkono, anasema asante dada, na wewe unabaki na namba ya simu isiyopigwa tena. Basi ile nyumba yenye kibaraza ikakaa mkobani wiki baada ya wiki, na wao wakatembea mtaa mzima mkono kwa mkono, wakala, wakatazama picha, wakakaa chini ya miti. Yote aliyoyataka mama, waliyapata wao.

Asubuhi moja akapigiwa na namba asiyoijua.

"Wewe ndiye dalali? Mimi dada yake Daktari."

"Ooh, wifi! Habari za..."

"Usiniite wifi. Nauliza, mnatafuta nyumba au mnatafuta nini nyie? Mama hata kukaa kitako hawezi tena. Hospitali walituambia tangu mwanzo kwamba hana muda. Kaka yangu hakukwambia?"

Dalali aliketi hapo hapo alipokuwa, kwenye ngazi za nyumba ya watu. Hakukumbuka alivyokata simu. Alijikuta tu kwenye zahanati ya meno, amewapita wagonjwa wote kwenye benchi, amesimama mbele ya Daktari na ufunguo umelala kiganjani.

"Nyumba ipo. Ya chini, mbele ya bustani. Mhamishe leo."

Uso wa Daktari ulichanua. "Umeipata lini?"

Angeweza kusema jana. Ulimi wake ulizoea kusema jana. "Ninayo tangu tulipokutana," alisema. "Niliogopa ukiipata utaniacha."

Daktari alivua glavu moja, kisha ya pili.

"Mama yangu anatazama ukuta, na wewe una bustani yake mkobani?"

"Ulisema hana haraka! Nilikuuliza, ukasema hana haraka!"

"Nilidanganya! Niliona nikikuambia anakufa ndiyo itakuwa kweli!" Alichukua ufunguo bila kumgusa vidole. "Nenda. Nakuomba uende."

Zilizofuata zilikuwa siku za kujuta na kuomboleza. Alipiga simu, haikupokelewa. Aliandika ujumbe, akafuta, akaandika tena, akatuma. *Nisamehe. Usiponisamehe niambie tu mama anaendeleaje.* Chakula kilimshinda. Wateja aliwaonyesha nyumba bila kusifia chochote, wakamshangaa. Alilia bafuni, akalia kwenye teksi, na dereva akazima redio kwa heshima. Hakutaka Daktari arudi kwake, au alitaka sana, lakini zaidi ya hilo alitaka ayarudishe majuma yale, ayakabidhi kwa mwenyewe. Hakuna dalali wa kitu kama hicho.

Kisha, alasiri moja, simu iliita. Jina la Daktari! Akapokea kwa mikono miwili.

"Mpenzi!"

"Si mpenzi, ni mama yake," ilisema sauti nyembamba. "Njoo unione, mwanangu. Huyu nimemnyang'anya simu."

Alikuta kitanda kimesogezwa kwenye dirisha kubwa la ile nyumba. Mama alikuwa amebaki kidogo tu chini ya shuka, kichwa kimefungwa kitambaa cha buluu kilichopigwa fundo maridadi. Daktari alikuwa kwenye kiti upande wa pili, ndevu zimeota, macho hayamtazami mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gauni zuri. Ndilo hilo la manjano?" Mama alipumzika, akaendelea. "Alikuwa anarudi kila jioni ananiambia nyumba haikufaa, mara ngazi, mara jiko. Na huku anacheka peke yake. Mimi nimefundisha watoto maisha yangu yote, mwongo namjua kwa harufu. Ningesema neno moja tu, 'nihamishe,' angenihamisha siku hiyo hiyo. Sikulisema."

"Mama, kwa nini?" Daktari aliuliza.

"Kwa sababu ulikuwa unacheka, we bwana. Hukuwa umecheka tangu hospitali walipotuita. Nikaona acha watafute." Alimgeukia dalali. "Kwa hiyo kosa tugawane, watu watatu. Usijibebee peke yako kama hamali."

Dalali alipiga magoti kando ya kitanda akalia bila kujificha. Mama alimwacha alie, kisha akamgusa bega.

"Basi. Sasa fanya kazi yako. Mimi kutoka sitoki tena, na dirisha hili linanipa vilele vya miti tu. Nenda na simu, unionyeshe mtaa wangu. Na usinisifie. Niambie ulivyo."

Akatoka. Daktari alibana simu kwenye sikio la mama yake, na dalali akaanza kutembea.

"Niko kwenye kona, mama. Kuna mgahawa wenye miamvuli myekundu, mmoja umechanika. Wanakaanga vitunguu. Mzee mmoja anakula peke yake, amejiwekea kitambaa shingoni kama mtoto."

"Anakula nini?"

"Samaki. Anamchambua miiba kwa subira kabisa. Sasa naingia jumba la sanaa. Kuna picha ya mwanamke anafua, maji yamechorwa kijani."

"Vizuri," mama alisema. "Maji hayawi buluu. Nimewaambia sana watoto."

"Nyingine ya mbuzi. Mbuzi mwenyewe miguu imemshinda mchoraji, mama, ni kama meza."

Akasikia kicheko kidogo, kikageuka kikohozi, kikatulia. Alivuka barabara akaingia bustanini.

"Sasa niko kwenye miti. Majani yamelala njiani, hayajafagiliwa. Kuna msichana anasoma kitabu huku amevua viatu. Kuna benchi lina jua nusu na kivuli nusu. Ungekaa upande upi, mama?"

Hakujibiwa.

"Mama? Upande wa jua, au wa kivuli?"

Alisikia pumzi, lakini ilikuwa ya Daktari.

"Amelala?" dalali aliuliza polepole.

Kisha Daktari akasema, kwa sauti ambayo dalali hakuwahi kuisikia kwake, "Endelea, mpenzi. Simu bado ipo sikioni kwake. Usinyamaze."

Hakusimama. Alifuta machozi kwa kiganja, akanyoosha sauti. Akamwambia mama kuhusu benchi la kivuli, kuhusu ndege wawili wanaogombea mkate, kuhusu maua meupe ambayo hakulijua jina lake, akayasema petali kwa petali. Akasema geti limepakwa rangi jana na bado linanukia. Akasema anavuka barabara. Akasema anaona kibaraza, anaona dirisha kubwa, na ndani ya dirisha anaona mwanamume ameinama, ameshika simu kwenye sikio la mama yake kwa mikono yote miwili.

"Nimefika mlangoni, mama," alisema. "Naingia."