Marahaba ya Mwalimu Perpetua

Mwalimu wa shule ya msingi hupokea shikamoo nyingi kuliko mkuu wa wilaya. Getini shikamoo, darasani shikamoo, hata sokoni Jumamosi akiwa ameshika fungu la nyanya, shikamoo mwalimu. Akitaka kumtazama usoni kila anayemwamkia, hatafundisha. Ndiyo maana jirani yetu Perpetua, aliyekuwa akifundisha darasa la pili hapa Dodoma, alikuwa na mdomo unaoitikia wenyewe huku macho yakisahihisha madaftari. Tulimtania kwamba hata usingizini ukimwamkia ataitika. Tulicheka sana enzi hizo. Siku hizi hatucheki.

Ijumaa moja alishuka kwenye treni ya umeme stesheni ya Kilosa, mchana, jua likiwaka. Alikuwa na masanduku mawili makubwa na gauni jeupe ndani ya mfuko wake. Kesho yake alikuwa aolewe na Amon, kijana wa Mikumi aliyemsubiri kwa uvumilivu mpaka akamaliza kusomesha wadogo zake. Ndugu wa pande zote mbili walikuwa wamefikia hoteli moja katikati ya mji wa Mikumi, na Amon alikuwa amemtuma Bonifas, dereva wa teksi, aende kumpokea. Kazi iliyobaki ilikuwa kufika tu na mizigo yake.

Bonifas alikuwa akihangaika na buti la gari lililogoma kufunguka. Perpetua naye alikuwa ameinama, mkono mmoja unavuta sanduku lililokwama gurudumu, mwingine unamwandikia Amon kwamba amefika.

"Shikamoo, mwalimu," sauti ikasema nyuma yake.

"Marahaba," akajibu bila kugeuka.

Halafu akageuka. Aliyemwamkia alikuwa bibi kizee, mgongo umepinda, meno hana, kitenge cha kijani kimepauka mabegani. Perpetua aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mkubwa hamwamkii mdogo, na ikitokea, mdogo mwenye malezi haitikii.

"Jamani bibi, nisamehe! Sikukuona. Shikamoo."

Bibi hakuitikia. Alimtazama tu, kwa furaha, kama mtu aliyetua mzigo baada ya safari ndefu.

"Umeshapokea," alinong'ona. "Ngoja nikusaidie."

Akalishika lile sanduku lililomshinda Perpetua, akalitupia ndani ya buti kwa mkono mmoja. Kisha akashika njia yake. Alikuwa akitembea wima.

"Unamfahamu?" Perpetua akauliza.

"Hapana, dada. Huyu si wa hapa." Bonifas alifunga buti haraka kuliko alivyolifungua.

Walipoiacha Kilosa nyuma, Perpetua alianza kusikia maumivu ya magoti. Akasema ni kukaa sana kwenye treni. Alitoa simu amtazame Amon kwenye picha, na simu ile iliyozoea kufunguka kwa kumwona uso ikakataa. Akaipangusa vumbi. Ikakataa tena. Akafungua kwa namba za siri, akacheka peke yake, lakini kicheko hakikumtoka vizuri.

Kijiji cha Ulaya, njiani, walikikuta kwenye siku ya gulio. Baiskeli na matenga vilijaa barabarani, Bonifas akapunguza mwendo. Watoto wa shule wakalikimbilia gari kama kawaida yao, wakipunga mikono. Shikamoo! Shikamoo! Perpetua akasahau magoti. Ualimu haupumziki. Alishusha kioo, akatoa mkono nje.

"Marahaba! Marahaba, wanangu! Marahaba!"

Ilikuwemo sauti moja nzito kuliko zile nyingine. Ilitokea karibu kabisa na dirisha, ikasema pole pole, na yeye alikuwa ameshaiitikia. Katikati ya watoto alisimama mwanamke mwenye mashavu ya kung'aa na kitenge cha kijani kilichopauka. Meno yake sasa yalikuwa kamili, na yote yalionekana.

"Bonifas. Ondoa gari."

Sauti iliyosema hivyo haikuwa yake. Ilikwaruza.

Bonifas akatazama kwenye kioo cha juu. Njia nzima alikuwa akimwita dada. "Sawa, bi..." akasema, akakatisha. Mguu wake ukazama kwenye mafuta.

Perpetua akatazama mikono yake mapajani. Ngozi ilikuwa imelegea. Mishipa imesimama. Ulimi ukagusa jino, jino likatoka. Likadondokea kiganjani, kavu, bila damu.

"Geuza gari," alinong'ona. "Turudi Kilosa. Nimtafute."

"Bibi." Bonifas hakugeuka. "Mimi nilimpakia dada mmoja pale stesheni. Yuko wapi?"

"Ni mimi."

Bonifas alianza kusali Baba Yetu kwa sauti ya chini. Kila akifika katikati alisahau, akaanza upya. Alifanya hivyo mpaka Mikumi.

Jua lilikuwa linaelekea milimani alipofunga breki mbele ya hoteli. Akashusha masanduku vumbini, akamshusha na yeye kwa kumshika kwenye nguo, asimguse ngozi. Kisha akaondoka, buti likiwa bado wazi.

Perpetua akaanza kuvuta mizigo. Hatua moja, pumziko. Hatua moja, pumziko. Msichana wa mapokezi, Devota, akatoka mbio kumsaidia.

"Shikamoo bibi! Nani kakuacha na mizigo yote hii?"

Neno likamjia Perpetua mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akauma mdomo. Alikuwa ameshaelewa. Kila marahaba aliyoitoa ilikuwa ya kupokea miaka isiyo yake, na mwili huu haukuwa na nafasi ya kupokea mingine. Akipokea tena, anakufa.

Devota akamwingiza, akamkalisha kwenye kiti. Humo ukumbini walikuwa wamekaa ndugu, na mama yake Amon, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchekesha watu, alikuwa akigombana na mpishi kuhusu pilau. Amon akasogea. Aliyatambua masanduku kabla ya kumtazama aliyeyaleta.

"Haya ni ya Perpetua. Bibi, mwenyewe yuko wapi?"

"Ni mimi, Amon." Alinong'ona ili wengine wasisikie. "Siku uliponivisha pete ilinipwaya. Ukaizungushia uzi mwekundu. Ukaniambia nisimwambie mtu."

Uso wa Amon ukabadilika. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua habari za uzi ule. Akanyoosha mkono, taratibu, akagusa vidole vile vilivyokunjamana. Moyo wa Perpetua ukaruka kwa matumaini.

Mlango ukafunguliwa. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Aliingia Perpetua. Uso wake, kimo chake, mwanya wake. Hakuwa na hata mkoba. Akayaona masanduku, akatabasamu.

"Naona mizigo yangu imenitangulia," alisema.

Kisha akaja mpaka mbele ya kile kiti. Akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

Perpetua akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi," msichana akarudia, kwa upole, kichwa ameinamisha.

Ndugu wakaanza kuguna. Mzee kukataa shikamoo ya bibi harusi siku moja kabla ya ndoa ni kumlaani.

"Bibi, tafadhali," Amon akasema. Mkono wake alikuwa ameshaurudisha. "Mwitikie mke wangu."

Mke wangu. Neno hilo lilimuuma kuliko magoti, kuliko jino. Na ndani ya maumivu hayo akapata akili. Alijishusha kutoka kwenye kiti, mfupa kwa mfupa, mpaka naye akapiga goti chini, wakawa wanatazamana.

"Shikamoo, mwanangu," alisema.

Tabasamu la yule msichana likaganda. Akafunga mdomo. Wakabaki hivyo, kizee na kijana, wote wamepiga goti, wote wameamkia, hakuna anayeitikia.

Mama yake Amon hakuwa mtu wa kuvumilia aibu mbele ya wageni.

"Jamani, hii ni salamu au mashindano?" Akaja, akaweka mkono mmoja kwenye bega la huyu, mwingine kwenye bega la yule. "Marahaba! Marahaba wote wawili! Inukeni tukale!"

Perpetua alisikia magoti yakipoa. Mgongo ukanyooka. Jino likajaa mahali pake.

Mama Amon akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi. Alikaa taratibu sana. Waliokuja kumwosha baadaye walisema hawajawahi kuona maiti iliyochakaa namna ile.

Walisimama wasichana wawili, sura moja. Amon akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Ni mimi," wakasema kwa pamoja.

Perpetua alikuwa akipiga mayowe, amemkumbatia marehemu, kwa sababu alijua ni salamu yake iliyomuua. Mwenzake alikuwa ametulia. Watu wanaposhikwa na hofu humkimbilia aliyetulia. Amon alimshika mkono yule. Perpetua wakamfukuza kwa mawe, akaondoka mikono mitupu.

Yeye ndiye aliyenisimulia haya. Alirudi hapa Dodoma, akaacha ualimu, na watoto wa mtaa wetu wakimwamkia huweka kidole mdomoni na kupita.

Harusi ya Mikumi ilifungwa baada ya arobaini ya mama. Devota, yule wa mapokezi, amepanga nyumba ya jirani na ya Amon, na kwa muda mrefu alikuwa akimsifia mke wa Amon kwa adabu yake. Mke huyo humwamkia kila mtu. Hata watoto wanaocheza uani, huwapigia goti, shikamoo kaka, shikamoo dada, nao hucheka na kuitikia kwa sauti kubwa, marahaba, wakiona ni mchezo.

Wiki iliyopita Devota alikuwa akimwogesha mwanawe ambaye bado hajaanza chekechea. Nyuma ya sikio akaona unywele mmoja mweupe. Akaung'oa. Asubuhi alikuta umerudi, na mwingine kando yake.