Kivuli Kwenye Karatasi ya Gundi

Fundi wa picha za gundi ni mimi. Kama yupo mwingine, mleteni. Karatasi zangu kubwa kama shuka. Niliwahi kumtoa mzee mmoja picha, mbwa wake akaja kulamba miguu ya picha!

Kazi yenyewe sikuisomea. Unachanganya gundi ya mti, rangi nyeusi na dawa ya rangi ya chungwa. Unapaka karatasi, unaikausha gizani. Mwanga ukiigusa, gundi inakuwa ngumu, hata umwagie mto mzima haibanduki. Palipokingwa na kivuli, maji yanapaosha, panabaki peupe. Basi.

Jioni ile nilikuwa nimeegemeza karatasi ukutani, chumba changu cha giza, ikauke. Shemeji akapiga hodi, mjane wa kaka yangu, yule seremala wa bega lililolala, aliyeliwa kidole na msumeno.

"Shemeji, filamu ya kaka yako nilishakupa, picha lini? Mtoto anaanza kumsahau. Jana kaniuliza kama baba yake alikuwa na ndevu."

"Kesho! Nitamtoa mpaka umwandalie chai."

"Mdomo huo! Ungekuwa picha, tungejaza nyumba."

Tukacheka. Nikajisifu pale barazani mpaka jua likaanza kuzama. Kugeuka... mlango wa chumba cha giza uko wazi. Mwanga wote umeingia.

Karatasi imekufa, itakuwa nyeusi tii. Nikaimwagia maji kwa hasira tu.

Nyeusi. Nyeusi...

Halafu katikati rangi ikaanza kushuka. Tiririri. Peupe. Kichwa. Bega.

Bega limelala.

Mtu alikuwa amesimama mbele ya karatasi yangu, ameukinga mwanga. Na mle ndani hamkuwa na mtu.

Maji yakazidi kushuka. Mkono wa lile umbo ulikuwa umeshika mkono mwingine. Mdogo.

Shemeji akanong'ona nyuma yangu, "Mtoto nimemwacha amelala..."

Nilikimbia mpaka kwao, risasi ingeniomba njia.

Tulimkuta amekaa kitandani, macho makavu.

"Baba mdogo, baba kanishika mkono. Kwenye chumba kinachonuka gundi."

Chumba changu hajawahi kukitia mguu. Nikamfunua kiganja cha kulia.

Rangi ya chungwa. Dawa yangu. Bado mbichi.

Hapo ndipo mtajua mimi ni fundi. Mbichi maana yake haijaganda! "Shemeji, zima taa! Funga dirisha! Beseni!" Nikamwosha gizani, nasugua kale kakiganja ka moto. Nasugua... nasugua...

Mle majini mkawa na mkono mwingine.

Baridi. Nikaupapasa vidole.

Vinne.

Mimi, na mdomo wangu wote, nikang'ang'ania kiganja cha mtoto tu. Shemeji ndiye aliyesema, polepole, kama anayembembeleza mtu asiamke: "Baba wa mwanangu... mwachie. Sura yako ataiona kila siku. Nakuapia."

Maji yakatikisika. Ule mkono wa baridi ukaniponyoka.

Tulipowasha taa, kiganja kilikuwa kisafi.

Picha niliitoa kesho yake, na sijawahi kutoa nyingine kama ile. Iko juu ya kitanda cha mtoto. Kila asubuhi anaiamkia, ndevu anazijua mpaka unywele wa mwisho.

Ila nikitaka kumvusha barabara, ananipa mkono wa kushoto. Wa kulia anauficha nyuma, vidole amevikunja kama ameshika kitu.

"Nipe na huo, mwanangu."

"Huo una mtu, baba mdogo."