Udongo Kwenye Simu ya Kituo cha Tisa

Mlio mmoja tu usiku: mrefu, mwembamba, kama bati linalokwaruzwa kwa kucha. Kisha kimya. Mama akagonga ukuta wa chumba changu.

"Zimeni madude yenu, watu tulale."

Nilikuwa nimeyazima. Nyaya nilizichomoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Asubuhi tulikunywa chai, tukacheka, nikaenda karakana ya mjomba nyuma ya nyumba. Kazi ilikuwa ya kawaida. Jeshi lilikuwa na simu kuukuu za siri, masanduku ya chuma yaliyozoea nyaya za shaba, na sasa lilitaka zipite kwenye setilaiti. Kampuni yangu ilipewa mbili za majaribio. Setilaiti ni fani yangu. Simu zenyewe alizijua mjomba, aliyekuwa askari wa mawasiliano ujanani.

Shida ilikuwa subira. Simu hizo zikikutana hupigiana mlio zitambuane kwanza, ndipo zifiche mazungumzo. Lakini mlio kupitia angani na jibu kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde, na simu kuukuu haingoji, inakata. Kwa hiyo nilitengeneza kisanduku cha kuijibu kwa niaba ya mwenzake: nipo, ngoja.

"Yaani unaidanganya," mjomba alisema.

"Kidogo tu. Kwani wewe hujawahi kudanganya kwenye simu?"

Hakucheka.

Nilifungua mkonga wa simu ya kwanza niusafishe. Harufu ikanipiga usoni: jino bovu, mdomo wa miezi bila mswaki. Chini ya vitundu vya kuongelea kulikuwa na ukoko wa mate, wa njano, umeshikana na nywele za sharubu. Nilikwangua kwa bisibisi. Nikafuta kwa spiriti. Nikatoka nje kutema. Niliporudi, vitundu vilikuwa vimelowa tena.

Saa sita mchana, jua la utosi, simu ikalia. Dishi lilikuwa bado sakafuni, halijaunganishwa na chochote. Kwenye kioo kidogo cha simu yakajiandika maneno: Kituo cha Tisa.

Nikainua mkonga, nikauweka mbali na shavu.

"Kaka." Sauti nzito, ya mtu anayeongea huku anatafuna. "Nitambue."

"Nani mwenzangu?"

"Nitambue, kaka."

Sauti ya setilaiti huchelewa. Hii haikuchelewa hata kidogo. Kitu cha uvuguvugu kikanitiririka kiganjani. Mate. Mate na udongo.

"Mjomba, Kituo cha Tisa kiko wapi?"

"Kilifukiwa," alinong'ona.

Akaniambia, macho yakiwa sakafuni, yale aliyoyaficha miaka ishirini na sita. Mdogo wao wa mwisho, yeye na mama, ndiye aliyekuwa kwenye simu ya kituo hicho. Handaki liliporomoka, simu ikabaki hai. Kanuni ilikuwa moja: makao makuu yamtaje mpigaji kwa jina lake la hewani, na akishatambuliwa, lazima mtu aende kumtoa. Makao makuu, mkonga alikuwa nao mjomba. Mkubwa wake akamwambia kituo kimeshatekwa, huyo ni mateka, asimtambue. Mjomba aliijua sauti. Akanyamaza.

"Siku tatu," alisema. "Ya tatu alikuwa anaongea na udongo mdomoni. Nilimsikia akiumeza."

Nikautazama mdomo wake, midomo safi, imelowa chai, na kinyaa nilichokuwa nacho kwa ile simu kikahamia kwake chote.

Mama aliambiwa ni risasi, papo hapo. Aliombwa asilitaje tena lile jina la hewani, ambalo ndilo alilomwita yeye mwenyewe alipomlea. Eti linamuumiza kaka mtu. Akatii. Mimi sikuwahi kulisikia.

Mama alikuwa mlangoni. Sijui tangu lini.

Akanipokonya mkonga, hakuufuta, akausikiliza. Udongo ukamchirizika mpaka kwenye kiwiko.

"Si mimi anayemtaka," alisema. Akamnyooshea mjomba mkonga.

"Dada, mkonga unanuka."

"Ndio mdomo wake huo. Weka wako."

"Nikimtambua, lazima mtu aende."

"Basi utakwenda."

Nilitegemea mama atalegeza mkono. Hakulegeza. Hadi leo ndani ya mkonga ule zipo alama za meno, upande wa ndani wa vitundu, ambako mdomo wa mtu haufiki.

Mjomba akainama. Akabana midomo kwenye vitundu. Udongo ukapanda, ukamjaa pembe za kinywa, ukamtoka puani. Akameza. Akameza tena. Sauti ilikuwa imenyamaza, inasubiri.

"Kishada," akasema.