Hazama ya Mke wa Kwanza

Jua lilikuwa linazama Hansa alipotumwa na mama mkwe wake kurudisha hazama ya puani kwenye hazina. Katika nyumba ya kifalme ya Kesargarh ndivyo walivyoishi. Dhahabu unayovishwa na ukoo si yako, waivaa karamuni na kuirudisha. Yako ni ile tu uliyotoka nayo kwa baba yako.

Dhapu, mtumishi mzee, alitangulia na taa. Huko nyuma mumewe Hansa, Takhat, alikuwa akicheka na wageni.

"Umeng'aa, bibi arusi! Hata wale mashangazi wenye midomo leo wameufyata," alisema Dhapu.

Hansa akacheka, akapeleka mkono puani.

Hazama haikutoka.

Akavuta tena. Kisha ikaja harufu... Msandali. Na nywele zinazoungua.

"Dhapu, hii ilikuwa ya nani?"

Dhapu akaishusha taa. "Ya mke mwenzio, marehemu. Alitoka nayo kwao. Mke akifa kabla ya mumewe, maiti yake huchomwa moto na hazama ikiwa puani, ajulikane kafa ana mume. Lakini mama mkwe wako aliitamani ile lulu. Akaniambia niichomoe. Ilikataa, mwanangu. Nikavuta..."

Chwa... chwa...

Vikuku vya miguuni. Hansa alikuwa amesimama. Dhapu hakuvaa vikuku.

Mwanamke mwenye mtandio mwekundu alisimama ukutani, uso kaufunika.

"Mdogo wangu, nisitiri," alinong'ona. "Natembea pua tupu kama mjane, na mume wangu yu hai. Nipe changu. Ama niwe mjane kweli."

Hazama ikateleza yenyewe mkononi mwa Hansa. Akanyoosha mkono ampe...

"We msichana!" Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa hazina. "Kwenu hamjawahi kuona lulu? Lete hapa."

"Mama, nakuomba, si yetu! Atamchukua Takhat!"

"Kila kilichoingia humu ni chetu."

Akampokonya. Akaitia sandukuni, akafunga, ufunguo kiunoni.

Kule karamuni, kicheko cha Takhat kikakatika.

Wageni walisema ni moyo uliomuua. Huenda. Wanawake walipokuja kumvunjia Hansa bangili, kama wavunjiwavyo wajane, mama mkwe alikwenda kulifungua sanduku. Lulu haikuwemo. Majivu tu, bado ya moto.

Hata leo, jua likizama, Hansa huzisikia hatua barazani.

Chwa... chwa...

Na nyuma yake, viatu vya mwanamume.