Puseletso na Mdahalo wa Bangi

Ijumaa asubuhi Puseletso alikunywa uji wa mtama, akajitanda blanketi na kushika njia ya shuleni. Njia hiyo ilipita kando ya uzio wa kampuni ya kulima bangi ya dawa. Ndani ya uzio bangi ilistawi chini ya mapaa ya plastiki, ikilindwa na mbwa, kwa kibali cha serikali. Nje ya uzio, shambani kwa mama yake, vilibaki visiki tu. Jumanne polisi walikuwa wamefyeka kila shina la bangi yake, kwa kuwa hakuwa na kibali. Kila alipovitazama visiki hivyo, alipandwa na hasira.

Siku hiyo darasa lao lilikuwa na mdahalo: je, wakulima wote wa Lesotho waruhusiwe kulima bangi? Puseletso alisimama upande wa kuunga mkono.

"Karo yangu imelipwa na bangi, na viatu hivi pia," alisema. "Mama aliomba kibali. Ada waliyomtajia, hata tukiuza ng'ombe wote haifiki. Kwa tajiri mmea huu ni dawa, kwa mama yangu ni kosa. Kwa nini?"

Wenzake walipiga makofi. Ndipo akainuka Khauhelo, mtoto wa mlinzi wa kampuni.

"Umesema vizuri, dada. Na kaka yako Tumelo yuko wapi siku hizi?"

Puseletso alijibu: "Yuko Afrika Kusini, migodini."

"Migodi gani hiyo ya kudungwa sindano kila asubuhi?"

Darasa likacheka. Kila mtu alijua kwamba Tumelo alianza kuvuta bangi akiwa na miaka kumi na mitatu, na kwamba sasa amelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Puseletso alimsukuma Khauhelo hadi akaanguka juu ya dawati. Mwalimu Ramaili akausimamisha mdahalo.

Nyumbani, mama alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo umemkana kaka yako," alisema.

"Nilitaka tushinde, mama. Wametufyekea shamba."

"Unadhani mimi sina hasira? Wale polisi sitawasahau. Lakini nina hasira na nafsi yangu pia. Tumelo alichuma majani shambani mwangu, nikamwona, nikanyamaza. Usinyamaze kama mimi."

Jumatatu Puseletso aliomba nafasi ya kusema tena. Alieleza yote: karo, visiki, kaka yake, uongo wake. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mimi nilikukejeli kwa ugonjwa wa ndugu yako," Khauhelo alisema. "Nisamehe."

"Na mimi nilikusukuma. Nisamehe."

Wawili hao wakaandika barua ya darasa, isomwe kwenye mkutano wa chifu. Iliomba wakulima wadogo wapewe vibali wanavyoweza kuvilipia, na anayemuuzia mtoto bangi aadhibiwe. Puseletso aliisoma mwenyewe mkutanoni, akaongeza habari za shamba lao na za Tumelo. Chifu alipoisikia, aliagiza ipelekwe wilayani ikiwa na sahihi yake.

"Hasira yako ni ya haki, Puseletso, usiitupe," Mwalimu Ramaili alimwambia walipotoka mkutanoni. "Ila ukificha nusu ya ukweli, watu hawaiamini hata ile nusu uliyoisema. Ijumaa ile ya mdahalo ulikuwa na haki na ukashindwa. Leo umesema yote, na wakubwa wamekusikiliza."